UMEME WAPITA JUU YA VICHWA VYETU, NASI TWALIPA MAKALA

Ndugu wafanyakazi wa migodi, mama zetu wa sokoni, na ninyi wote mnaokaa katika komini za Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi: leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wakubwa hulidharau na kuliita jambo la jikoni. Jambo lenyewe ni moto. Ni moto wa kupikia bukari, moto wa kuchemsha maji ya mtoto, moto wa kujipasha mwili katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Moto huu unakula mshahara wa mfanyakazi polepole, kama mchwa wanavyokula mlango. Kwa nje mlango ni mzima. Siku unapousukuma, unaanguka.

Twasema wazi tangu mwanzo. Mzigo huu haukutuangukia kwa bahati mbaya. Umeme wa nchi hii ulifanywa kwa ajili ya metali, na mtu akaachiwa makala. Wakoloni waliuweka mpango huo, serikali zilizofuata baada ya Uhuru hazikuuvunja, na leo wanaoulipia ni wewe, bibi yako na watoto wako.

WANAOTULAUMU

Wako wakubwa ambao kila wakiulizwa habari ya pori hutunyoshea kidole. "Ni raia," wasema, "ndio wanaomaliza miti. Wangejua akiba, pori lingekuwa zima."

Mbele ya kuwajibu, tukubali lililo kweli, maana gazeti linalowaficha watu wake ukweli ni adui yao. Pori linakwisha. Mzee yeyote wa Lubumbashi atawaambia kwamba zamani makala yalitoka karibu na mji. Leo yanakuja kutoka mbali, kwa malori, na kwa velo zilizopakiwa mpaka mwenye kuzisukuma haonekani. Mutondo, musamba na kaputu, miti ya pori letu, haioti kwa mwaka mmoja kama mahindi. Ikikatwa yote, uyoga unakwenda nayo, viwavi vya kula vinakwenda, asali inakwenda, na mvua inaipiga ardhi uchi.

Tena yapasa kila mtu ajue jinsi makala yanavyokula miti. Katika tanuru la udongo la kawaida, kilo 100 za miti hutoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Basi mfuko wa kilo 50 ulitoka katika kilo 250 mpaka 500 za miti. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti imekwisha kupotea hewani kabla mfuko haujafungwa mdomo.

Hayo ni kweli. Lakini twauliza: nani anachoma makala kwa kuyapenda? Mwanakijiji anayelinda tanuru usiku kucha, macho mekundu kwa moshi, angelala nyumbani kama mahindi yake yangempa feza za shule. Mama wa mjini ananunua makala kwa sababu waya haumfikii, au umemfikia na ndani ya waya hamna kitu. Mwenye kufunga mlango wa mbele hana haki ya kumtukana mtu kwa kupita dirishani.

UMEME ULIZALIWA KWA AJILI YA METALI

Tukumbuke historia, maana wengi wetu tumezaliwa na kuikuta hali hii, tukadhani ndiyo desturi ya dunia.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Mwaka 1930 ikaanza kufanya kazi stesheni ya umeme ya Mwadingusha, kwenye maporomoko ya mto Lufira. Karibu na mwaka 1950 na katika miaka iliyofuata zikaongezwa Koni, juu ya Lufira hiyohiyo, kisha N'zilo na N'seke juu ya Lualaba. Wakati ule ziliitwa kwa majina ya Wazungu: Francqui, Bia, Delcommune, Le Marinel. Maji yalikuwa ya mito yetu. Mikono iliyobeba mawe na simenti ilikuwa ya baba zetu. Umeme ulikuwa wa vinu na matanuru ya kompani.

Na umeme ulipozidi mahitaji ya kompani, ulikwenda wapi? Toka mwaka 1956 ulipelekwa kwa waya kutoka Le Marinel mpaka Kitwe, kuendesha migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi inayoitwa leo Zambia. Fikirini neno hili. Waya uliweza kuvuka mpaka wa wakoloni wawili, Mbelgiji na Mwingereza, kutafuta mgodi mwingine wa shaba. Njiani ulipita karibu na vijiji, wala haukusimama.

Tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1960 tukapata Uhuru. Tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka 1967 mali ya Union Minière ikatwaliwa na Leta, na baadaye kompani ya Leta ikaitwa Gécamines. Mwaka 1970 ikaundwa SNEL, kompani ya umeme ya Leta. Majina yakabadilika, bendera ikabadilika, picha za ukutani katika ofisi zikabadilika. Waya zikabaki pale zilipowekwa.

WAYA WA INGA

Wengine watasema: "Hayo ni makosa ya wakoloni." Basi tutazame kazi iliyofanywa na Leta yetu wenyewe.

Kule chini, kwenye mto mkubwa, Inga ya kwanza ilianza kutoa umeme mwaka 1972, na Inga ya pili mwaka 1982. Ili kuuleta umeme huo katika migodi yetu, Leta ya wakati ule ilijenga njia ya waya ya karibu kilometa 1,700, kutoka Inga mpaka Kolwezi. Ilimalizika mwaka 1982, nayo ikaitwa Inga–Shaba. Nchi iliingia katika madeni makubwa kwa kazi hiyo, na deni la nchi hulipwa na watoto wa nchi.

Waya huo ulichukua umeme wa namna ya pekee, wa mkondo usiogeuka, wenye volti laki tano. Umeme wa namna hiyo hupita mbali bila kupotea sana, lakini huwezi kuushusha kijijini kwa chombo kidogo kama tunavyofanya na waya za mjini. Sharti kuwe na stesheni kubwa ya kuugeuza, yenye bei kubwa mno. Stesheni hizo zilijengwa pande mbili za mwisho: pale umeme unapoanza na pale migodi inapoupokea. Katikati, hakuna kitu. Mtoto aliyezaliwa chini ya nguzo zile mwaka 1982 ameoa chini yake na kuzaa chini yake, na hajawasha hata taa moja kwa umeme unaopita juu ya paa lake. Bibi yake anapika kwa kuni, huku waya zikivuma.

Nchi yetu ina Inga, mahali ambapo wenye elimu ya maji wasema paweza kutoa zaidi ya megawati 40,000. Lakini katika nchi hii, kama mtu mmoja tu kati ya watu watano ndiye anayepata umeme. Hao wanne wengine ndio wanaoitwa waharibifu wa pori.

HESABU YA KARANI

Mimi ni karani wa mgodi, na kazi yangu ni tarakimu. Basi niruhusuni kuweka hesabu mbele yenu, na kila mtu aihakikishe nyumbani kwake kwa kalamu.

Kwanza, makala. Kilo moja ya makala makavu ina joto la karibu kilowati-saa 8. Lakini mbabula wetu wa bati lililotobolewa hautii joto lote katika chungu. Nyingi huenda pembeni. Kinachoingia chunguni ni kama moja na nusu. Sahani ya umeme ya kupikia, kwa kutia joto hilohilo chunguni, hutumia kama kilowati-saa 2. Basi shikeni kanuni hii kichwani: kilo moja ya makala katika mbabula wa zamani ni sawa na karibu kilowati-saa mbili za umeme.

Sasa pimeni mfuko wenu wa makala kwa kilo. Gawanyeni bei ya mfuko kwa kilo hizo, mpate bei ya kilo moja. Kisha chukueni bei ya kilowati-saa moja kama ilivyo kwenye karatasi ya umeme, mwizidishe mara mbili. Linganisheni tarakimu hizo mbili. Hapo kila mtu atajua kwa franka zake mwenyewe analipa nini kwa kukosa umeme. Na mwenye kununua makala kwa vifuko vidogo, siku kwa siku, ajue kwamba bei yake ya kilo huwa juu kuliko ya yule anayenunua mfuko mzima. Maskini ananunua moto kwa bei ya tajiri.

Pili, nyumba. Tuseme nyumba moja inachoma kilo 2 za makala kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 730. Kwa kilo hizo zimekatwa tani tatu na nusu mpaka tani saba za miti. Nyumba hiyohiyo ikipika kwa umeme, itahitaji kilowati-saa 4 kwa siku. Tuongeze moja kwa taa na redio. Jumla ni 5.

Tatu, shaba. Ninyi mnaofanya kazi katika vyumba vya elektrolizi mwajua mapipa marefu ya asidi, ambamo umeme huivuta shaba na kuibandika juu ya mabamba. Kwa kazi hiyo peke yake, bila kuhesabu kuchimba, kusaga wala kusukuma maji, tani moja ya shaba hula karibu kilowati-saa 2,000. Gawanyeni 2,000 kwa 5. Mnapata siku 400. Maana yake, umeme unaoingia katika tani moja ya mabamba ya shaba ungetosha kupikia na kuangazia nyumba moja ya mfanyakazi mwaka mzima, na mwezi mmoja juu yake. Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, na sehemu kubwa ilipita kwa njia hiyo ya mapipa.

Hatusemi mapipa yazimwe. Sisi tunakula kwa mapipa hayo. Twasema tu kwamba mtu asituambie nchi hii haina umeme. Umeme uko. Kila siku twauona ukipakiwa katika malori, umevaa sura ya shaba, unakwenda Kasumbalesa.

KULIPIA GIZA

Tuje kwa wale walio na waya nyumbani. Wengi wao hawana kompteri. Wanaletewa fakture ya bei iliyokatwa mapema, ile inayoitwa forfe. Umeme ukija siku thelathini, bei ni hiyo. Ukija siku kumi, bei ni hiyo. Ukija saa nane za usiku watu wamelala, bei ni hiyo. Katika duka gani umeona mtu akilipa bunga, akapewa mfuko mtupu, na mwezi unaofuata akadaiwa tena?

Na mtu huyu anayelipa giza analipa mara ya pili kwa mwenye makala. Fakture iko mezani, mbabula uko mlangoni. Mshahara mmoja unatokea milango miwili.

Forfe ina dhambi nyingine: inawafundisha watu upotevu. Mwenye kulipa sawasawa akiwasha au akizima, kwa nini azime? Ndiyo maana katika kartie moja utaona taa zinawaka mchana na sahani za moto zimeachwa nyekundu bila chungu, na katika kartie ya pili transfoma imeungua kwa kuzidiwa, na watu wamekaa gizani miezi.

MAJIBU KWA WAPINZANI

Wako wanaosema: "Umeme hautoshi, mashine ni za zamani, subirini." Twajibu: metali haisubiri. Mwadingusha ya mwaka 1930 ilipochakaa, feza zilitangulizwa na kompani inayochimba Kamoa, kwa mahitaji ya mgodi wake, na mwaka 2021 mashine zake sita zikafanywa upya, jumla megawati 78. Kule Busanga, juu ya Lualaba, imejengwa stesheni ya megawati 240 kwa ajili ya Sicomines. Tena makampuni yamekuwa yakinunua umeme kutoka Zambia, nchi ambayo mwaka 1956 sisi ndio tuliyoipelekea. Na mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, Zambia yenyewe ikakaa gizani. Basi mgodi ukitaka umeme, mhandisi anapatikana, feza zinapatikana, mto unapatikana. Mama wa Kenya au wa Katuba akitaka umeme, anapewa neno moja: kesho.

Wako wanaosema: "Watu wenu hawalipi. Wanaunganisha waya kwa siri usiku." Ni kweli wako, nasi hatuwatetei. Waya ulioungwa kwa siri unaunguza transfoma ya kartie nzima, na unaua watoto mvua inaponyesha. Anayemwibia jirani yake umeme hana tofauti na anayemwibia kuku. Lakini dawa ya wizi huo ni kompteri, na mwenye kukataa kuweka kompteri ndiye anayelinda wizi. Tena twauliza: mbona mtu huyohuyo anayeitwa mbaya wa kulipa anamlipa mwenye makala kila siku, taslimu, bila deni? Watu wetu wanalipa kitu wanachokiona.

Wako wanaosema, na hawa ndio hatari zaidi kwetu sisi wa migodi: "Nyamazeni, maana migodi ikinyimwa umeme mtapoteza kazi." Neno hili ni la kututenga na jirani zetu. Hatuombi mgodi uzimwe. Twaomba kwamba kila anayejenga bwawa juu ya mto wetu awekewe sharti la kutenga sehemu kwa watu wanaokaa kando ya mto huo. Sheria ya mwaka 2014 juu ya umeme imefungua mlango kwa wenye feza kuzalisha na kuuza umeme. Mlango uliofunguliwa kwa wakubwa usifungwe wakati mtoto anapotaka kupita.

MBABULA NDANI YA NYUMBA

Kabla hatujaandika tunayoyadai, yatupasa kusema na nyumba zetu wenyewe, maana madai huchukua miaka na chakula ni leo.

La kwanza ni la uhai. Usiku wa mwezi wa saba baridi ya huku inaingia mpaka mifupani. Mji wa Lubumbashi uko juu, kama meta 1,200 juu ya bahari, na nyumba nyingi ni za bati lisilo na dari. Watu huingiza mbabula chumbani, hufunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia, hulala. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anajisikia mlegevu, anasinzia, haamki. Makala mekundu yasiyotoa moshi ni hatari vilevile. Kutokuwa na moshi si kutokuwa na sumu. Basi: mbabula usilale chumbani na watu, hata usiku mmoja. Mpashe chumba mlango ukiwa wazi, kisha mtoe mbabula nje kabla ya kulala, mjifunike. Ukimkuta mtu amelegea ndani, mtoe nje kwenye hewa kwanza, ndipo umpeleke kwa daktari.

Hata moshi wa kila siku ni adui. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majikoni na nyumbani iliua kama watu milioni 3.2 duniani. Wengi wa wanaovuta moshi huo ni mama na mtoto aliye mgongoni.

La pili ni la feza. Mbabula uliowekwa udongo wa kuchoma ndani hushika joto, na hupunguza makala kwa theluthi moja au zaidi. Maharagi yalowekwe toka jioni. Chungu kifunikwe. Sombe na maharagi vikisha kuchemka vizuri, vitiwe pamoja na chungu chao katika kikapu kilichojazwa mablanketi ya zamani, vifungwe. Vitaendelea kuiva bila kaa hata moja. Makala yakibaki, yafunikwe yazime, yatumike kesho. Tena nunueni kwa kilo kila mnapoweza, na mpapase chini ya mfuko, maana wengine hujaza vumbi na makala yaliyolowa maji.

Nanyi wanaume, msikilize. Wengi wetu huacha feza ya makala mezani bila kuuliza bei, kisha jioni twamgombeza bibi kwamba ametumia ovyo. Kaeni pamoja naye mara moja kwa juma, muandike katika daftari: makala kiasi gani, umeme kiasi gani, siku ngapi giza. Daftari hilo ni silaha. Kartie yenye madaftari mia inaweza kusimama mbele ya ofisi yoyote, na karani wa ofisi hatakuwa na neno la kuikana.

Lakini tusidanganyane. Udongo ndani ya mbabula na kikapu cha mablanketi ni fimbo ya kutembelea. Mguu bado umevunjika. Atakayekuja kutuambia kwamba akiba ya jikoni yatosha, na kwamba madai hayana lazima tena, huyo ametumwa.

TUNAYOYATAKA

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, yasema kwamba haki ya kupata maji safi na umeme imelindwa. Hatuombi sadaka, basi. Twadai kilichoandikwa.

Kwanza: kila nyumba yenye waya ipewe kompteri, na forfe iondolewe. Mtu alipe alichotumia, wala asilipe giza.

Pili: palipo na upungufu, zamu za umeme ziandikwe na kubandikwa komini, zifuatwe, na kartie za wakubwa zisifutwe katika orodha. Mama akijua umeme utakuja saa kumi, atapika saa kumi na kuacha makala dukani.

Tatu: feza za migodi zihesabiwe mbele ya watu. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 yasema kwamba ushuru unaotozwa juu ya madini yaliyouzwa hugawanywa hivi: nusu kwa Leta kuu, 25 kwa mia kwa jimbo, 15 kwa mia kwa komini au sekteri madini yalipotoka, na 10 kwa mia kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15 kwa mia ni feza ya kartie yako. Muulize meya wako: mwaka huu imeingia ngapi, imenunua transfoma ngapi, imesimamisha nguzo ngapi? Akikuonyesha gari jipya, muulize gari hilo lawasha taa ngapi.

Nne: kila bwawa jipya juu ya Lufira na Lualaba, na kila bwawa la zamani linalofanywa upya, litenge sehemu ya umeme kwa vijiji na komini za jirani, na sehemu hiyo iandikwe katika mkataba kabla ya kalamu kuwekwa chini.

Tano: pori lipewe pumziko. Wachomaji makala wafundishwe matanuru yenye bomba, yanayotoa makala mengi kwa miti michache. Wapewe haki juu ya pori la kijiji chao ili walitunze kama mali, na sehemu zilizokatwa ziachwe zichipue, maana visiki vya pori letu huchipua visipochomwa moto. Kuwafukuza kwa askari na kuwanyang'anya velo ni kazi ya bure, maadamu mji bado wataka moto.

Ndugu zangu, pengine mtasema: mambo haya ni makubwa, na sisi ni wadogo. Lakini angalieni jinsi migodi inavyoheshimiwa. Inasikilizwa kwa sababu inazungumza kwa sauti moja na ina tarakimu mkononi. Sisi tuko wengi kuliko migodi, na tarakimu zetu twazibeba kila siku kichwani, katika mfuko wa makala. Tuziandike. Tukutane kartie kwa kartie, wa mgodini na wa sokoni, mwenye waya na asiye na waya, tusiruhusu mtu kututenganisha. Kisha twende komini mchana, kwa utaratibu, madaftari mkononi, tukaulize umeme wetu uko wapi.

Jumapili hii, anzeni na kurasa ya kwanza.

Karani wa Mgodi